Pointi za Dukani: Pitia Tovuti Kabla Hujajiunga

Siku hizi hata duka la mtaa lina pointi. Unalipia unga kwa till, unataja namba yako ya simu, pointi zinaingia. Mteja wetu mmoja alituuliza kama ajiunge na mpango wa aina hiyo unaoendeshwa na kampuni changa ya programu, basi tukaipitia tovuti yake kana kwamba ni sisi tunaojiunga.

Ukurasa wa kwanza unavutia: pointi 1 kwa kila sh 100, na ukifikisha pointi 500 unapewa vocha ya sh 500. Maduka yamepangwa kwa mtaa, hiyo tumeipenda. Shida iko chini kabisa, kwenye masharti ya maandishi madogo: pointi hufutika baada ya miezi 6. Sasa piga hesabu. Ukinunua vitu vya sh 5,000 kwa mwezi unapata pointi 50. Miezi 6 ni pointi 300, kisha zile za mwezi wa kwanza zinaanza kufutika. Vocha hutaiona ng'o! Ili uipate lazima utumie karibu sh 8,400 kila mwezi. Hilo lilifaa kuandikwa juu, kando ya picha ya vocha.

Fomu nayo inaitisha namba ya kitambulisho na tarehe ya kuzaliwa. Za nini? Kuhesabu pointi kunahitaji namba ya simu tu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inamtaka anayekusanya habari zako akueleze ni za kazi gani. Tovuti imenyamaza, na hata anwani ya ofisi haina.

Halafu, nani anadaiwa hizo pointi, duka au kampuni? Waliobaki na Smart Card za Nakumatt wanajua duka likifungwa pointi huenda nalo. Muulize mwenye duka: kampuni ikifunga, utaziheshimu?

Angalau hawaitishi PIN. Tovuti yoyote ya pointi ikiitisha, ifunge hapo hapo. PIN unaiweka kwenye simu yako mwenyewe, unapoidhinisha malipo, basi.

Jibu letu kwa mteja: kama tayari unanunua hapo, jiunge kwa namba ya simu na uache nafasi ya kitambulisho wazi. Fomu ikikataa kuendelea, achana nayo.