Ufundi wa Magari: Mkono Pamoja na Sababu

Mji wa Isiolo uko mahali ambapo magari hutoka nyanda za juu na kuingia nyika ya kaskazini. Kwa miaka mingi lami iliishia hapo, na gari lililokwenda Moyale, mwendo wa kilomita 500 hivi, lilirudi likiwa limelegea kila nati. Kufikia mwaka 2017 lami ilikuwa imefika Moyale. Kazi ya fundi haikwisha kwa hayo. Imebadilika tu, maana kwenye lami gari huenda kasi, na kasi hutaka breki.

Kijana wa Chechelesi atakaye ufundi ana njia mbili. Aweza kuwa mwanagenzi katika gereji ya jua kali, au kuingia chuo cha ufundi. Wazee wengi huona njia ya pili ni kupoteza fedha, wakisema kwamba spana haisomwi kitabuni. Maneno hayo yana ukweli, tena si haba. Lakini na tuzitazame hizo breki.

Barabara itokayo Subuiga, ubavuni mwa Mlima Kenya, huteremka kwa masafa marefu mpaka Isiolo. Dereva wa pikapu akikanyaga breki njia nzima, magurudumu hupata moto mkali. Nguvu ya mguu wake huchukuliwa na mafuta ya breki, kwa sababu kitu cha majimaji hakipungui kikigandamizwa. Basi mafuta hayo yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa kidogo kidogo. Yale ya aina ya DOT 3, yakiwa mapya, hayachemki kabla ya joto la digrii 205. Yakisha kuingiwa na maji kiasi cha sehemu 4 hivi katika 100, yaweza kuchemka kwenye 140. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke ukigandamizwa hupungua: pedeli huzama mpaka sakafuni, na gari halisimami.

Gari likisha kupoa, pedeli hurudi kama kawaida. Mwanagenzi aliyefundishwa kuongeza mafuta tu atatazama chupa, ataiona imejaa, ataapa kwamba breki ni nzima. Aliyefundishwa sababu atauliza mafuta yalibadilishwa lini.

Mafunzo ya namna hii hutolewa katika vyuo vilivyoanza miaka ya 1960 kama vyuo vya ufundi vya vijijini, na ambavyo katiba ya mwaka 2010 iliviweka chini ya serikali za kaunti. Humo hufundishwa injini, gia, breki, usukani na umeme wa gari. Umeme usidharauliwe: magari ya siku hizi hutaja ugonjwa wao kwa kompyuta.

Na yule aliyekwisha kukomaa gerejini asidhani mlango umefungwa. Mamlaka ya mafunzo ya viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya madaraja matatu, kuanzia la tatu kupanda mpaka la kwanza, nayo iko wazi hata kwa aliyejifunza kwa mkono. Akifaulu hupewa cheti.

Kabla ya kulipa ada, mzazi na aulize kama chuo kimesajiliwa na TVETA, kwa sheria ya mwaka 2013. Tena aulize wanafunzi wangapi hushirikiana injini moja. Jibu la swali hilo ni vema alione kwa macho yake, karakanani, siku ya kazi.