Simu ya Katuni Ndiyo Pochi Yako

Mmezunguka Fort Jesus, mkapita vichochoro vya Mji wa Kale, na sasa mmeketi kwenye hoteli ya hadhi inayotazama bahari. Watoto wametulia tuli. Siri? Umewapa simu watazame katuni.

Bili inakuja, betri imebaki asilimia 2. Utalipa na nini?

Safari ijayo wabebee karatasi na kalamu za rangi. Simu iweke chaji, na bili iitishe mapema kabla watoto hawajachoka. Soma jina la hoteli na kiasi kabla ya kuthibitisha malipo.

Na PIN usiitaje kwa sauti. Mtoto mwenye adabu atanyamaza mezani, lakini kutunza siri bado hajui!