LODI ALIYEJENGA KASRI AKAKOSA MKE!

Mapenzi bwana, yaache kama yalivyo! Kama unadhani wewe ndiye uliyetoswa vibaya kuliko wote mjini, basi msikie kwanza kigogo huyu wa Kiingereza, Lodi Maurice Egerton.

Jamaa alizaliwa 1874 katika ukoo wenye nazo. Kwao ni Tatton Park, karibu na mji wa Knutsford, Uingereza: jumba la kale, kulungu wanaorandaranda, na bustani za kila aina, ikiwemo ya Kijapani aliyoianzisha baba yake mwaka 1910. Mwaka huohuo Maurice alikuwa na leseni ya kurusha ndege, wakati watu wengi hata gari walikuwa hawajapanda.

Sasa utajiuliza, mwenye kwao kama huko alifuata nini Njoro, jirani na Nakuru, Kenya? Alifuata ardhi, kama masetla wenzake. Halafu, kama wanavyosimulia, akazimika kwa kimwana mmoja. Mrembo alipoonyeshwa nyumba ya kwanza akabetua midomo: banda la kuku hilo! Lodi hakukata tamaa. Mwaka 1938 akaanza kujenga kasri la mawe lenye vyumba zaidi ya 50, na ukumbi wa dansi wenye kinanda cha mabomba. Likaisha 1954. Jamaa anagonga miaka 80!

Kimwana je? Wengine wanasema aliliita makumbusho, wengine wanasema alikuwa keshaolewa. Inasemekana Lodi akasusa wanawake wote, marufuku kukanyaga kwake. Hapo naona alizidisha. Aliyemtosa ni mmoja, hao wengine walikosa nini?

Alifariki 1958 bila mke wala mtoto, na ulodi wa ukoo ukaishia hapo. Tatton Park likaenda kwa National Trust, shirika linalotunza majumba ya kale Uingereza. Shule ya kilimo aliyoianzisha Njoro mwaka 1939, kwa ajili ya vijana wa Kizungu, ikaja kuwa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, na ndicho kinachotunza kasri.

Ukitokea Murusagamba kule Ngara, safari ni ndefu: Mwanza, Sirari, Kisii, Kericho, ndipo Njoro. Geti halibagui tena. Tena siku hizi maharusi hufanyia sherehe kwenye bustani za Lodi, shela zikiburuzika juu ya majani yaleyale.