Kutoka Taaluma Nyingine hadi Uandishi wa Skripti: Nafasi ya Taaluma ya Awali katika Kazi za David E. Kelley, David Simon na Ed Burns

1.0 Utangulizi

Baadhi ya waandishi wa skripti za filamu na televisheni huingia katika kazi hiyo baada ya kutumikia taaluma nyingine. Kuhusu waandishi hao, yapo mawazo mawili yaliyozoeleka. La kwanza ni kwamba taaluma ya awali humpa mwandishi visa, na visa hivyo vyatosha. La pili ni kwamba mtu huacha kazi kwanza, ndipo aanze kuandika. Makala haya yanayahoji mawazo hayo kwa kurejelea Wamarekani watatu: David E. Kelley, aliyekuwa wakili. David Simon, aliyekuwa mwandishi wa habari. Na Ed Burns, aliyekuwa mpelelezi wa polisi kisha mwalimu. Hoja inayojengwa ni kwamba taaluma ya awali huathiri fani ya skripti sawa na inavyoathiri maudhui yake, na kwamba safari kutoka kazi moja hadi nyingine hupitia kipindi cha mpito ambamo mwandishi hushika kazi zote mbili.

2.0 Wakili na Umbo la Kesi

Kelley alihitimu shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Boston mwaka 1983, kisha akafanya kazi ya uwakili jijini humo. Skripti yake ya kwanza, iliyozaa filamu ya From the Hip (1987), aliiandika angali wakili. Skripti hiyo ndiyo iliyomfikisha kwa Steven Bochco, ambaye mwaka 1986 alikuwa akitafuta waandishi wanaoijua sheria kwa ajili ya tamthilia ya L.A. Law. Mbunifu mwenza wa tamthilia hiyo, Terry Louise Fisher, naye aliwahi kuwa mwendesha mashtaka.

Athari ya uwakili katika kazi za Kelley haiishii katika mandhari ya mahakama. Kesi ni mgogoro wenye pande mbili, na kila upande hupewa nafasi ya kutoa hoja zake zenye nguvu zaidi. Mpangilio huo ndio unaobeba msuko wa The Practice (1997–2004), ambamo mawakili huwatetea hata watu wanaowashuku kuwa na hatia, na mtazamaji hulazimika kuzipima hoja za pande zote. Katika Ally McBeal (1997–2002), mahakama hiyohiyo inageuzwa kuwa uwanja wa vichekesho. Mwaka 1999 tamthilia hizo zilipata tuzo za Emmy, moja kama tamthilia bora na nyingine kama komedi bora. Kama visa vya kisheria pekee vingetosha, tofauti kubwa hiyo ya kifani isingeelezeka.

3.0 Mwandishi wa Habari, Mpelelezi na Umbo la Uchunguzi

Simon alifanya kazi katika gazeti la The Baltimore Sun kuanzia mwaka 1982 hadi 1995. Mwaka 1988 alichukua likizo ili akae na wapelelezi wa kesi za mauaji wa Baltimore, na matokeo yake yakawa kitabu cha Homicide (1991). Kitabu hicho kilizaa tamthilia ya Homicide: Life on the Street (1993–1999), ambayo ilimpa Simon nafasi ya kushiriki kuandika skripti. Burns, aliyetumikia polisi kwa miaka ishirini kabla ya kuingia ualimu, aliandika pamoja naye kitabu cha The Corner (1997). Hatimaye wawili hao walishirikiana katika The Wire (2002–2008), yenye misimu 5 na sehemu 60.

Katika msimu wa kwanza wa The Wire, uchunguzi mmoja unaotegemea kunasa mazungumzo ya simu unachukua sehemu zote 13. Kasi hiyo ya pole ni kasi ya upelelezi wenyewe: kusubiri, kuomba kibali cha jaji, kufumbua mafumbo ya namba. Katika msimu wa nne, mhusika Pryzbylewski, akiwa ameshaacha upolisi, anakuwa mwalimu, njia iliyokwisha kupitiwa na Burns.

Hata hivyo, ipo tabia ya kitaaluma ambayo Simon alilazimika kuiacha. Mwandishi wa habari humfafanulia msomaji kila jambo geni. Skripti haina sauti ya kufafanua. Ina matendo na usemezano. Katika The Wire, wahusika huzungumza lugha ya kazi zao bila maelezo, na mtazamaji hujifunza kwa kusikiliza.

4.0 Kipindi cha Mpito na Gharama Zake

Hakuna hata mmoja kati ya watatu hao aliyeruka gizani. Kelley aliihifadhi ofisi yake ya Boston alipoanza kazi ya televisheni. Simon alirudi gazetini baada ya likizo yake. Burns alifika kwenye skripti kupitia kitabu. Tahadhari hiyo ina msingi. Mwandishi wa skripti huajiriwa kwa kazi moja au msimu mmoja, na hata muungano wenye nguvu hauondoi hali hiyo. Waandishi wa Marekani waligoma kuanzia Novemba 2007 hadi Februari 2008, na tena kwa siku 148 mwaka 2023. Miongoni mwa madai ya mgomo wa pili ni idadi ya waandishi wanaoajiriwa katika kila tamthilia na muda wa ajira yao.

5.0 Hitimisho

Uchambuzi huu unaonesha kwamba mhakiki anayetafuta taaluma ya awali ya mwandishi katika visa peke yake huona nusu ya athari. Nusu nyingine imo katika msuko, kasi na usemezano. Kwa anayekusudia kubadili kazi, mifano hii inadokeza kwamba uzoefu huwa mtaji pale tu mwandishi anapotambua kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha, na kwamba utambuzi huo huhitaji muda ambao mshahara wa kazi ya zamani ndio huulipia.