Redio koli za mtumba: stika inasema hivi, redio yenyewe ni kitu kingine

Wadau, redio koli zinatafutwa. Makampuni ya ulinzi, waandaaji wa sherehe, mashule, waongoza watalii, saiti za ujenzi, wote wanaulizia. Mpya za maana zina bei, kwa hiyo mtumba unatoka haraka ukiwa na mzigo mzuri. Shida ni hiyo "mzuri". Kwa picha tu hauwezi kuijua, na ukishalipa jumla ya redio 20 ndiyo unagundua 12 hazifiki hata geti la pili, imekula kwako.

Tuanze hapa. Redio ina kava, betri, antena na ubao wa ndani, na kila kimoja kinaweza kutoka kwenye redio tofauti. Makava mapya ya redio maarufu kama Motorola GP340 yanauzwa peke yake, pamoja na stika. Fundi anachukua ubao uliopiga kazi bandarini miaka kumi, anauvalisha kava jipya, anabandika stika, na kwenye picha redio inang'aa kama imetoka boksi leo. Kubadilisha kava siyo kosa, ni matengenezo ya kawaida. Kosa ni muuzaji kukaa kimya halafu akakuuzia kwa bei ya redio isiyofunguliwa. Kwa GP340 angalia sehemu ya chini, pale redio inapofunguliwa: ukiona alama za bisibisi, imeshafunguliwa. Toa betri uangalie yale mabati ya kupitishia umeme. Kava jipya huku mabati yamechakaa au yana ukoko wa kijani, hapo maji au jasho lilishaingia.

Sasa jambo linalowaliza wengi: kupima redio mezani. Muuzaji anashika redio mbili, anabonyeza moja, "haloo haloo", nyingine inaitika, na wewe unatoa hela. Kipimo hicho hakina maana yoyote. Redio ambayo transista yake ya kurushia imeungua bado inavujisha mawimbi kidogo, na kwa umbali wa mita mbili tatu hayo yanatosha kabisa kusikika safi. Transista hiyo inaweza kuungua mtu akibonyeza kuongea bila antena, au akiwa na antena isiyo ya redio ile. Na mtumba umepitia mikono ya watu wengi, hujui nani alifanya nini.

Kipimo cha kweli ni kipima wati. Unafunga redio kwenye kipimo, upande wa pili unaweka mzigo wa omu 50 badala ya antena, unabonyeza sekunde mbili au tatu, unasoma namba. Mafundi wa redio koli wanacho, na kama unataka kufanya biashara hii kwa muda mrefu nunua chako, maana redio moja mbovu uliyoikwepa inaweza kurudisha sehemu kubwa ya gharama yake. Huna kipimo? Mpe mwenzako redio moja azunguke majengo mawili matatu, ashuke ngazi, kisha muongee. Halafu mbadilishane redio, yeye atumie uliyokuwa nayo. Redio nyingine inapokea vizuri lakini haitumi, nyingine kinyume chake. Usipobadilishana hutaligundua hilo. Na usibonyeze kuongea bila antena hata kwa utani.

Tukija kwenye stika. Kwenye GP340 namba ya modeli inayoanza MDH25K ni VHF, MDH25R ni UHF. Hizo ni redio mbili tofauti ndani, hazisikilizani, na hakuna stika inayoweza kuigeuza moja kuwa nyingine. Mteja wako ana redio kumi za UHF anataka kuongeza tano, ukampelekea VHF zenye stika ya UHF, zitarudi zote. Dawa yake ni kuisoma redio kwa kompyuta. Ukiiunganisha kwa kebo na programu yake, redio yenyewe inataja modeli na seriali namba iliyoandikwa kwenye ubao. Linganisha na stika. Zikitofautiana, kava limebadilishwa, sasa muulize muuzaji kwa nini hakusema. Zikiwa zinafanana, umepiga hatua, ingawa bado unahitaji kipima wati.

Ukiambiwa "haisomeki, ina neno la siri", simama kwanza. Yawezekana kampuni ya zamani ilifunga redio zake kabla ya kuziuza. Yawezekana pia ni mali ya wizi. Baadhi ya mifumo inamruhusu mwenye redio kuizima kwa mbali, ikabaki kama tofali lenye antena. Kwa vyovyote, redio usiyoweza kuiprogramu huwezi kumwekea mteja masafa yake, kwa hiyo kwako wewe ni spea tu. Ilipie bei ya spea au iache.

Upande wa Baofeng uongo ni wa aina nyingine, ni wa namba. UV-5R ya kawaida inatoa wati 4 hadi 5. Utaona inauzwa kama wati 8, wati 10, kava ni lile lile. Zipo ndugu zake zenye nguvu kidogo zaidi, lakini maandishi kwenye tangazo siyo ushahidi, namba ya kipimo ndiyo ushahidi. BF-888S imeandikwa wati 5, lakini inatumia betri ya volti 3.7, na kwenye kipimo mara nyingi inatoa chini ya hapo. Siyo redio mbaya kwa harusi au duka kubwa. Ila usimuuzie mwenye shamba.

Betri nayo. Betri ya kawaida ya UV-5R ni 1800 mAh. Ile ya 3800 ipo kweli, lakini ni kubwa, unaiona kwa macho ukiziweka pamoja. Ukikuta betri nyembamba ya kawaida imeandikwa 3800, hiyo ni kanyaboya. Betri iliyovimba usiipokee hata ya bure, na kwenye bei ya mtumba hesabu kabisa kwamba betri utabadilisha.

Umbali ndiyo usiseme. "Inafika kilomita 30." Watu wawili wamesimama kwenye uwanda usio na mti wala nyumba, redio ziko usawa wa kifua, duara la dunia lenyewe linaanza kuwakinga kwenye kama kilomita 10, na kuongeza wati hakulinyooshi. Mjini kwenye maghorofa ni pungufu mno. Anayefika mbali yuko juu ya mlima au anapitia mtambo wa kurudufisha mawimbi. Ukinakili hiyo kilomita 30 kwenye tangazo lako, mteja atakudai wewe, siyo aliyekuuzia.

Kuna mzigo mwingine unaonekana kama bahati: redio za TETRA kama Motorola MTP850, za aina iliyotumiwa na polisi na viwanja vya ndege Ulaya. Ngumu, zina skrini, bei ya kutupa. Mbona rahisi hivyo? Kwa sababu zimetengenezwa kwa mtandao wake maalumu na haziongei kabisa na redio za kawaida alizonazo mteja wako. Digitali nazo zina lugha tofauti: DMR haielewani na NXDN kwenye digitali, hata kama zote mbili zimeandikwa "digital". Muulize mteja anazo zipi tayari, ndipo ukanunue.

Na hapa naomba tusitaniane. Ukiona redio ina alama ya Ex au ATEX, maana yake ilitengenezwa isitoe cheche kwenye sehemu zenye gesi au mvuke wa mafuta. Ikishafunguliwa na fundi wa kawaida, au ikiwekewa betri isiyo ya aina hiyo, kinga hiyo haihesabiki tena hata kama stika bado ipo. Redio ya mtumba yenye stika hiyo usiiuze kwa depo ya mafuta au kiwanda cha gesi kama "ya usalama". Huko waelekeze kwa wakala anayeuza mpya zenye cheti. Faida ya redio mbili haitoshi kulala na hilo.

Suala la kibali lipo pia. Tanzania masafa yanasimamiwa na TCRA chini ya sheria ya mawasiliano ya 2010, Kenya ni Mamlaka ya Mawasiliano. Redio "iliyofunguliwa", yaani inayoweza kurusha popote, inasifiwa kwenye matangazo kama sifa kubwa, kumbe ni njia ya mteja kuingilia masafa ya watu wengine. Mwambie mteja masafa yake yanahitaji leseni, na wewe mwenyewe uliza kabla ya kuagiza kontena kama unahitaji leseni ya kuingiza na kuuza vifaa hivi.

Kwa aliye mbali na muuzaji: agiza redio mbili kwanza, siyo ishirini. Kabla ya kulipa omba video moja isiyokatwa inayoonyesha stika, kisha redio hiyo hiyo ikisomwa kwenye kompyuta, kisha ikiwa kwenye kipima wati. Muuzaji wa kweli atalalamika kidogo halafu atatuma. Mkubaliane kwa maandishi redio isiyofika wati mlizotaja inarudi, na nani analipa nauli ya kurudisha.

Ukishapata mzigo, andika tangazo lako hivi: "GP340 UHF, mtumba, kava limebadilishwa, betri mpya, imepimwa wati 4, seriali ya ndani na stika zinalingana, majaribio siku 7." Weka na picha ya kipimo kikisoma.