Ka simu kadogo kanaweza kulinda siri ya kijana

Siku moja ya posho jioni, kijana wa miaka 19, anayechimba kwenye karieri hapa pembeni ya Kolwezi, alikuja kutuona kwenye ofisi ya sindika. Hakukaa hata kwa kiti. Alitoa simu mufukoni, akatuonyesha mesaji ya sentre moja ya afya: « Kuja uchukue majibu ya teste ya VIH. » Ile simu wanaitumia wawili nyumbani. Yaya yake ndiye aliisoma kwanza, na mbele ya usiku kuingia kartieri nzima ilijua. Kijana akasema hatarudi kule tena. Majibu yake yakabaki kwenye droo.

Wandugu, sisi tunaishi na hawa vijana, tunajua sababu wanakimbia teste. Wanaogopa mulongo, wanaogopa kuitwa jina kwa sauti, wanaogopa habari ifike kwa patron. Na hatari iko karibu. Kazi ya mugodi inatenga mutu na bibi yake miezi na miezi. Feza inaingia na kutoka siku ile ile. Wasichana wanaouza chakula karibu na mashimo wanasumbuliwa na wenye feza.

Lakini iko njia ingine. Tangu mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani (OMS) linakubali mutu ajipime mwenyewe. Ile teste ya mudomo haina shindano. Usile wala usinywe dakika 15 mbele ya kuanza. Unapitisha kale ka kijiti mara moja kwenye fizi za juu, mara moja za chini, unakatia ndani ya kachupa ka dawa, unangoja. Musidanganyike: virusi haiambukizi kwa mate. Teste inatafuta askari ambao mwili unatengeneza juu ya kupigana na virusi.

Hapa ndipo simu inasaidia, hata ile ndogo ya butoni isiyo na intaneti. Weka alarme ya dakika 20, juu ukisoma mapema ao ukichelewa sana majibu yanaweza kukudanganya. Washa toshi, uangalie mistari vizuri. Na kama roho inapiga, mutu wa kuongea naye hayuko mbali.

Sisi delege tulikaa na infirmie moja wa kartieri, tukapatana hivi. Kwanza, kijana mwenyewe anachagua: kupigiwa ao kuandikiwa, saa gani, kwa namba gani. Pili, mesaji haitaji VIH, Sida wala lopitalo. Inasema tu: « Ile kazi ulimaliza? » Akijibu 1, amemaliza. Akijibu 2, anataka kuongea. Hakuna namba ya kusema majibu. Akikosa inite, anabipa, infirmie anamupigia. Zile inite zinatoka kwenye kasa ya sindika. Tatu, anayepiga anauliza kwanza: « Uko peke yako? » Ikiwa hapana, anakata. Nne, kila mesaji inafutwa.

Sasa majibu. Mustari moja kwenye C: teste haikuona virusi. Lakini kama hatari ilipita chini ya miezi mitatu, rudia baadaye. Mistari mbili, hata wa pili ukiwa hafifu: usijihukumu, nenda sentre wahakikishe kwa teste zingine. Mustari wa C ukikosekana, teste imeharibika, chukua ingine. Mwenye kunywa tayari dawa za VIH asijipime hivi, inaweza kumudanganya. Na kama ni jana ndiyo ulilala na mutu bila kapote, usingoje teste: kimbia lopitalo mbele ya saa 72, iko dawa ya kuzuia.

Mwenye kupatikana na virusi akikunywa dawa kila siku anafanya kazi, anazaa, anazeeka. Virusi ikishuka mpaka mashini haiione tena, haimuambukizi mwenzake kitandani.

Juu ya patron, tuseme wazi: sheria namba 08/011 ya tarehe 14/7/2008 inakataza kumunyima mutu kazi ao kumufukuza sababu ya VIH. Mwenye kuguswa na neno hilo, aje kwa delege.

Wababa na wamama, mukiona mutoto ametoka inje kuongea na simu, musimunyanganye. Pengine anaongea neno la kumuokoa.

Na yule kijana? Alijipima usiku, toshi ya simu mukononi. Hatukumuuliza aliona mustari moja ao mbili, si kazi ya sindika kujua. Tunajua tu kwamba alijibu 2, na kwamba infirmie alimupigia usiku ule ule.