Usafi wa majumbani: ujira ujulikane kabla ndoo haijashikwa

Ijumaa hii tumeona tulizungumzie jambo linalowahangaisha wazazi wengi wa Usangi, Ugweno, Gonja na Same mjini. Binti amemaliza kidato cha nne, nafasi ya kuendelea hakuipata. Je, afanye nini? Jawabu la wengi linajulikana. Hupandishwa basi la Dar es Salaam kwenda "kumsaidia shangazi", na huko akawa mtumishi wa ndani asiyejua kazi yake inaanza saa ngapi wala inakwisha lini.

Serikali imejaribu kuweka kiwango. Amri ya mishahara ya 2013 ilimpangia mtumishi anayelala kwa mwajiri shilingi 40,000 kwa mwezi, na ile iliyoanza Januari 2023 ikapandisha hadi 60,000. Asiyelala hapo akapangiwa 120,000. Hoja ya tofauti hiyo bila shaka ni chakula na malazi. Lakini anayelala hapo ndiye huyohuyo aamshwaye usiku wa manane mtoto akilia, na saa hizo hakuna azihesabuye.

Sisi tunaona kazi ileile yaweza kufanywa kwa sura nyingine. Mabinti wawili au watatu, au mama na binti yake, waungane na kuifanya kazi ya usafi kuwa biashara yao hapohapo Same. Mji huo una walimu, wauguzi, watumishi wa halmashauri na wa benki, ambao mume na mke hutoka asubuhi na kurudi jioni. Una pia nyumba za wageni kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Wateja hao hawahitaji mtu wa kuishi naye. Wanahitaji nyumba iliyopigwa deki, vyoo vilivyosuguliwa na madirisha yaliyofutwa vumbi. Na vumbi la Same wenyeji wanalijua.

Katika fiqhi, makubaliano ya namna hii huitwa ijara, na sharti lake kubwa ni kwamba kazi ijulikane na ujira ujulikane. Nabii Musa (A.S.) alipofika Madyan, binti wa mzee yule alimsifu kwa babake kuwa ni mwenye nguvu na mwaminifu. Hata hivyo sifa hizo hazikutosha. Muda ulitajwa waziwazi, miaka minane, na akitimiza kumi ni hiari yake. Wapare nao si wageni wa kudai hesabu iwe wazi. Mwaka 1945 maelfu yao walikusanyika Same kupinga mbiru, kodi iliyopangwa kwa kukadiria mali ya kila mtu.

Basi kabla ndoo haijashikwa, na iandikwe kwenye daftari: vyumba vingapi, choo cha ndani au cha nje, madirisha yamo au hayamo, vyombo na nguo vimo au havimo. Neno "usafi" peke yake ni mtego. Mwenye nyumba hufahamu kuwa pasi imo ndani yake, na mfanyakazi hufahamu kuwa haimo.

Bei nayo isikisiwe. Tuseme nyumba ya vyumba vitatu inasafishwa na watu wawili kwa saa tatu, kwa shilingi 15,000. Sabuni na dawa zikila 2,000, bodaboda 2,000, na 1,000 ikawekwa kando kwa kununulia mafagio na matambara mapya, hubaki 10,000, yaani 5,000 kwa kila mmoja. Anayesahau yale matatu ya mwanzo hudhani amepata faida, kumbe anakula mtaji. Maji pia yaulizwe. Kwa miaka mingi Same ilikuwa mji wa madumu. Mradi wa Same, Mwanga na Korogwe unaochota Bwawa la Nyumba ya Mungu ulizinduliwa Machi 2025, lakini mfanyakazi asifike mlangoni akakuta bomba kavu bila ya kujua maji atayatoa wapi.

Kuna jambo la jamaa pia. Sisi watu wa milimani tumelelewa katika msaragambo, na ni mila njema. Lakini msaragambo ni wa barabara na shule, si wa sebule ya mtu mwenye mshahara. Binamu akitaka kusafishiwa, alipe.

Mtaji wa ndoo, mafagio, mopu, glavu na sabuni si mkubwa, na hapa tunawaonya ndugu zetu na mikopo ya riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa vikundi: nne za wanawake, nne za vijana, mbili za wenye ulemavu. Utaratibu huo uliingizwa katika sheria mwaka 2018, ukasimamishwa 2023, ukarejeshwa 2024, na mikopo yenyewe haina riba. Aanziwe kwa afisa maendeleo ya jamii, ambako kikundi husajiliwa. Namba ya mlipa kodi hutolewa na TRA bila ya malipo. Atakayedai fedha kwa ajili ya namba hiyo asipewe.

Kuhusu dawa, Jik isichanganywe kamwe na dawa ya choo yenye tindikali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na katika choo kidogo kisicho na dirisha humwangusha mtu. Tambara la chooni liwe na rangi yake na ndoo yake. Hili daktari atalisema kwa ajili ya maradhi. Sisi twaongeza kwamba tambara lililogusa najisi likipitishwa kwenye sakafu wanaposwalia watu, nyumba itang'aa ilhali mahali pa swala pamenajisika.

Mabinti waende wawili wawili, wala wasiingie nyumba ambayo mwanamume yuko peke yake. Ikiwa kuna kazi ambayo dini yao haiwaruhusu, kama kuandaa pombe, waitaje siku ya makubaliano, si siku ya kazi. Na kikombe kikivunjika? Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu dhamana ya mfanyakazi anayetumikia watu wengi, hata kama hakuzembea. Kwa sababu hiyo nalo liandikwe daftarini: nani atalipa, na kwa kiasi gani. Fedha iliyookotwa chini ya kochi iwekwe mezani mbele ya wote wawili, na mwenye nyumba apigiwe simu papo hapo.

La mwisho ni ratiba. Upare ya Kusini ina Waadventista wengi tangu wamisionari wao walipofika mwaka 1903, nao hutaka nyumba ziwe tayari Ijumaa kabla ya jua kuzama. Siku hiyo ndiyo yenye kazi nyingi, nayo ndiyo Ijumaa yetu. Swala ya Ijumaa si faradhi kwa wanawake, lakini Adhuhuri ni faradhi. Wateja hao wapangiwe asubuhi, au kuanzia saa nane mchana.